Saa Saba za Tanga

Hatukuja Tanga. Tulishushwa.
Ndege ya viti kumi na viwili iliyotutoa Pemba
ilikohoa mara mbili uwanjani, ikanyamaza,
na Mhina wa kaunta, kalamu sikioni,
akasema kipuri kinasubiriwa kutoka Dar es Salaam,
tuwe tumerudi saa tisa.
"Nendeni mkautembee mji."

Sabiha bado hajaisamehe mizani ya Chake:
mtu kupimwa pamoja na begi lake
mbele ya wavulana, na kilo zikatajwa kwa sauti.
Faki simu yake imepasuka kioo
kama yai lililogongwa ukingoni mwa bakuli,
na bado anaitazama, anaitazama.
Mwenye hamu ni mimi peke yangu.

"Twende mapango ya Amboni?"
"Mama, giza tunalo Wete, umeme ukikatika."
"Makumbusho basi?"
"Makumbusho," akaitika Faki,
kama anayesomewa jina la dawa.

Tukaingia. Jengo la Wajerumani, kuta nene,
picha za reli, picha za mkonge,
wanaume waliosimama wima kupita kiasi.
Mmoja, kibarua, kashika panga,
hakumtazama mpiga picha hata kidogo.
Sabiha akamsimamia dakika nzima.
"Huyu kanuna kama mimi."
Ndiyo maneno yake ya kwanza tangu saa mbili.

Semboja wa bajaji akatuzungusha,
anaonyesha benki, bustani, kituo cha mafuta
kama mali ya urithi aliyoachiwa na babu yake.
"Tanga, waja leo waondoka leo," akacheka,
"lakini nyie kweli mwaondoka leo. Mmeivunja sifa yetu."
Tukala bajia kwa chatne ya ukwaju.
Faki sahani tatu. Sabiha alisema hali,
akala za kwangu.

Kisha Ngamiani, barabara za namba.
"Waliishiwa majina?" Faki akauliza.
"Ya kumi na tatu," nikamwambia Semboja,
na sauti yangu ikatoka nyembamba,
watoto wakageuka wote wawili.

Nyumba ipo. Kibaraza kina ufa uleule.
Chumba cha mbele nilichopanga nikisomea ualimu
sasa ni duka la fundi simu.
Kilipokuwa kitanda changu pana meza,
bisibisi za kuhesabu nywele,
simu zimelazwa matumbo wazi.
"Kioo? Nusu saa," fundi akamwambia Faki,
naye akakaa, goti karibu na mto wangu wa zamani.

"Mama, watafuta nini ukutani?"
"Msumari."
Nilipigilia mwenyewe, kwa jiwe, nitundike kioo cha shilingi mia.
Upo. Umebeba chaja za watu, nyeusi na nyeupe,
zinaning'inia kama mikia ya panya.

"Ulikuwa na miaka mingapi?"
"Kumi na tisa."
Sabiha akapima chumba kwa macho,
hatua tatu hivi, hatua nne vile.
"Ulikuwa ukilia?"
Ningeweza kusema la. Mama husema la.
"Siku za meli ya nyumbani. Ikiondoka bila mimi."
Hakunishika mkono, msidhani.
Alisogea tu, bega lake likagusa la kwangu,
likabaki pale mpaka fundi akamaliza.

Simu ikawaka. Picha ya kwanza ya kioo kipya
Faki hakujipiga mwenyewe wala hakunipiga mimi.
Aliziomba radhi zile chaja, akazishusha moja moja,
akaupiga msumari.

Saa tisa na robo. Mizani tena.
Sabiha akapanda kabla hajaitwa.
Mhina akasoma kwa sauti, akakunja uso:
"Kilo imezidi moja."
"Bajia," akasema Sabiha, na foleni nzima ikasikia.

Juu ya mji ndege ikalala ubavu.
Faki kaweka kidole dirishani, anahesabu barabara.
Alifika ya tisa, wingu likaingia.
"Bado nne," akasema,
na kidole hakukiondoa.